Siku ya 23: koo, vipele na kitezi. Je, ni dalili za VVU?

Roho Juu
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Ni saa tisa usiku, usingizi umekata. Siku 23 zilizopita nililala na mwanamke ambaye si mke wangu. Kondomu ilipasuka, tukagundua baada ya kumaliza. Hali yake siijui, aibu ilinizuia kumwuliza.

Siku ya 4 koo likaanza kuwasha. Siku ya 15 nikaona vipele vitatu kifuani. Wiki hii kuna kitezi chini ya taya, upande wa kulia, kinauma nikikibonyeza. Na nakibonyeza kutwa nzima, hata nikiwa kazini. Joto napima mara sita kwa siku, halijavuka 37.1. Koo nalimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo, mpaka mke wangu akauliza natafuta nini. Nikamdanganya kwamba ni jino.

Kwenda kupima naogopa. Naombeni mnisaidie, hizi ni dalili?

Mtu wa Maabara
Pole sana kaka. Kwanza kiachie hicho kitezi. Tezi ikiminywa kutwa itauma tu, hata ya mtu mzima wa afya.

Koo la siku ya 4 lilikuwa mapema mno. VVU vikileta dalili za mwanzo, mara nyingi huanza kati ya wiki ya 2 na ya 4: homa, koo, vipele, tezi kuvimba, uchovu, maumivu ya misuli. Sasa hebu niambie, mafua makali huleta nini? Hayo hayo. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona anayeweza kutazama koo la mtu akajua. Tarehe na damu ndivyo vinavyojibu.

Dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU visishike baada ya tukio kama lako, zilitakiwa zianze ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Kwako muda umepita, ila anayesoma hapa na jambo lake ni la jana, aamke aende sasa hivi.

Wewe nenda kapime, na uwatajie tarehe. Vipimo vingi vya kuchoma kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili huunda kupambana na kirusi, ambazo huanza kuonekana kati ya siku ya 23 na ya 90. Damu ya mshipani ikipimwa maabara kwa kipimo cha kizazi cha nne, inatafutwa pia antijeni ya p24, ambayo ni kipande cha kirusi chenyewe, kwa hiyo kipimo hicho huwahi: siku 18 hadi 45. Ukipata hasi sasa, rudia siku ya 45 kwa hicho cha maabara, au siku ya 90 kwa cha kidole. Omba wakupime na kaswende.

Mama Wawili
Mdogo wangu, mimi naishi na VVU, huu mwaka wa 9. Vilipoingia sikupata hata kikohozi, niligundulika kliniki ya wajawazito. Ndiyo maana huwa nashtuka mtu akisema hana dalili, basi yuko salama. Nameza kidonge kimoja kila jioni, virusi havionekani tena kwenye kipimo, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mume wangu hana, na mwanangu alizaliwa hana.

Ninayemwaza ni mkeo. Mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno damuni. Mnalalaje?

Roho Juu
Dada, sijamgusa tangu siku ile. Nasingizia uchovu, naye jana ameniuliza amenikosea nini. Hilo linaniuma kuliko kitezi.

Nimetoka kupima asubuhi hii. Mhudumu alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akanitoa damu ya mshipani. Hasi, na nirudi siku ya 45. Nimekaa kwenye ngazi nikalia. Lakini mke wangu nitamwambiaje?

Mama Wawili
Usingoje siku ya 45, wiki tatu za kujilaumu bure ni nyingi kwa mtu ambaye hajakosa. Mwambie mkiwa wawili, simu umezima. Anza na "hujanikosea kitu", ndipo umweleze ulichofanya, bila kumtaja shetani wala pombe. Akitaka kwenda na wewe kupima siku ya 45, mpeleke. Asipotaka kukuona kwa siku kadhaa, mwache.

Roho Juu
Leo usiku.