Tupeane uzoefu: vitabu vya kugusa na kunusa kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, mnatengenezaje?

MwlKitengo

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili na usonji, shule ya msingi mkoani Morogoro. Darasa ni moja, ndani yake kuna mtoto wa miaka saba na kuna kijana ameshaota ndevu. Kabatini kuna chaki, manila na mpira usiojaa upepo.

Nikiingia mtandaoni kutafuta vitabu vya mada, naletewa theluji, maboga yaliyochongwa macho, pamoja na mzee mwenye ndevu nyeupe. Pakua, chapisha, bandika pamba, eti hiyo ndiyo theluji. Mtoto wa Kihonda pamba anaijua, ni ya kusafishia kidonda. Theluji imeingiaje hapo?

Kwa hiyo nimeamua mada zangu zitoke kwenye maisha yao. Tuliyonayo sasa ni SOKO. Kurasa ni maboksi magumu, kila ukurasa una kitu kimoja na sentensi moja. Kipande cha kikapu cha ukindu: "Mama anaenda sokoni." Gunia lenye mchele ndani, limeshonwa pande zote: "Mama ananunua mchele." Dagaa wa kweli kwenye kifuko cha neti, nabadilisha mara kwa mara maana hata mimi nina pua: "Dagaa wananuka!" Sarafu, mfuko wa kaki, basi. Maneno ni yaleyale, mpangilio uleule, kila siku baada ya uji. Mada moja tunakaa nayo mwezi mzima au zaidi.

Nina binti asiyeongea. Siku za kwanza alikuwa anageuza uso. Sasa hivi nikifika kwenye mchele tu anaziba pua na kuanza kucheka, dagaa hata hawajafunuliwa. Yaani anajua kinachofuata. Kwa mtoto ambaye kila mtu alikuwa anasema "huyu haelewi kitu", mimi hiyo nahesabu kuwa ni kusoma.

Haya, lete yako. Sema mtoto yukoje, ulitumia nini, alifanya nini. Nadharia tunazo, humu wengi tumepita Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu.

---

Mamake_Likoni

Mwalimu hongera sana. Mimi si mwalimu, ni mzazi tu, tuko Mombasa upande wa Likoni. Kijana wangu ana usonji, tulipimwa kituo cha EARC, kile cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, tukaambiwa tumtafutie shule yenye yunit (darasa lao maalumu), na shule iliyompokea iko ng'ambo, kisiwani. Sasa ng'ambo utafikaje bila feri?

Honi ya feri ikilia, huyu mtoto alikuwa analala chini palepale katikati ya watu. Na mnaijua Likoni asubuhi, hakuna anayekusubiri. Unasukumwa, unatukanwa, kuna mama mmoja aliniambia nimpeleke akaombewe.

Mwalimu wake ndiye aliyeniambia, "Mama, mtengenezee kitabu cha feri." Nikashona kwa mabaki ya kanga. Ukurasa wa kwanza ni tiketi ya matatu na kipande cha kiti cha matatu, kile cha rexin, ngozi ya bandia (jirani yangu hushona viti). Wa pili kamba nene ya katani. Wa tatu kifuniko cha sufuria, kwa sababu chuma cha feri ni baridi vile. Wa nne ni upepo: hauna kitu, umeandikwa tu "upepo", na hapo nachukua upepeo nampepea usoni. Ukurasa wa honi ndio kazi. Nilirekodi honi yenyewe kwa simu, nikaweka sauti chini kabisa, na anayebonyeza ni YEYE. Si mimi. Hilo mwalimu alilisisitiza mno, kwamba sauti inayomtisha ni ile inayokuja bila ruhusa yake.

Tulianza kwa sauti usiyoisikia ukiwa mlango wa pili. Siku hizi anaiweka juu mwenyewe hadi babake analalamika. Kwenye feri bado anaziba masikio, lakini anaziba akiwa amesimama, na kitabu kiko kwapani.

---

KataMti

Samahani wadau, lakini mbona naona michezo tu? Mtihani wa darasa la saba hauulizi harufu ya dagaa. Serikali inalipa mshahara mtu akapepee watoto?

---

MwlKitengo

@KataMti, wanafunzi wangu wengi hawako kwenye foleni ya mtihani huo. Wanajifunza kujihudumia, kuwasiliana, kuhesabu hela, kwenda dukani na kurudi. Anayefika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tunampeleka huko huko. Karibu kitengoni siku yoyote, uje umfundishe "ba be bi" mtoto ambaye bado hajakubali kuguswa mkono.

---

Tchr_Kasarani

Kwa Kenya hata mtaala unalitambua hilo. Ndani ya CBC (mtaala wa umilisi) kuna njia ya wanafunzi wasiofuata gredi, wanaenda kwa hatua, na hatua ya kwanza ni haya haya: kuwasiliana, kujitunza, kutumia milango ya fahamu. KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, imekuwa ikifunza walimu wa elimu maalumu tangu 1986. Si jambo la jana.

---

FundiMgosi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Dada yangu anafundisha kitengo, akaniletea kitabu cha maboksi kimeliwa kona zote. Akasema nishonee kitambaa. Nimeshona kadhaa sasa, naomba niwape ya kifundi, maana walimu mnabandika sana gundi na gundi yenyewe inang'oka kabla ya likizo.

Vifungo shoneni kwa uzi wa nailoni, pitisha mara nyingi, halafu ufunge fundo kwa nyuma na uzibe kwa kitambaa kingine juu yake. Baada ya hapo chukua kifungo vuta kwa nguvu zako zote. Kikitoka kwako, kwa mtoto kitatoka kiende mdomoni. Shanga ndogo mimi nakataa kabisa, mteja akizileta namrudishia.

Ile kamba inayonatana ya viatu vya watoto ni nzuri sana, kitu kinabanduliwa na kurudishwa. Ile sehemu ya kukwaruza ikae kwenye ukurasa, laini ndiyo iende kwenye kitu anachoshika. Dada anasema wapo watoto wanaopenda ule mlio wa kubandua kuliko kitabu chenyewe. Basi nikawatengenezea ukurasa wa kubandua tu.

Na kuna hili la kandambili. Kulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, vidole vyake vimekunjwa, ukurasa hawezi kuufungua. Nilikata kandambili chakavu vipande vya mraba, nikavishona kwenye kona ya kila ukurasa, kila kimoja kimepishana na mwenzake. Kurasa zinakaa zimeachana, kiganja kinaingia. Anafungua mwenyewe kwa ngumi. Dada alinirekodia, nikaangalia ile video mara nyingi kuliko harusi yangu.

---

Mamake_Likoni

Fundi! Hiyo ya kandambili naiba leo leo.

---

TibaKazi_Moshi

Fundi amesema mengi mazuri. Mimi ni mtu wa tiba kazi (kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku), nimesomea hospitali ya KCMC. Naongeza yale ambayo huwa naletewa hospitali yakiwa yameshaharibika.

Beseni la nafaka ni shughuli nzuri, mtoto anachimba, anamimina, anatafuta kitu kilichofichwa. Ila maharage mabichi yasiachwe kwa mtoto anayeweka vitu mdomoni. Yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Punje za mahindi na kunde huingia puani na masikioni. Kwa mtoto wa namna hiyo tumia kitu kinacholika: wali uliopoa, tambi zilizochemshwa, uji mzito. Ndiyo, atachafuka. Mwekeni nje na ndoo ya maji.

Unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, maji kidogo kidogo hadi ushikamane. Chumvi ndiyo inayoufanya udumu, na ndiyo hiyo hiyo inayoufanya usiwe chakula. Akionja atatema, lakini yule anayekula bila kutema usimwache nao peke yake.

Jambo ninalogombana nalo sana ni kushika mkono wa mtoto na kuusukuma ndani ya kitu. Mnafanya kwa nia njema, ninajua. Mtoto ambaye ngozi yake haivumilii mguso anasikia kama anapigwa. Weka mkono WAKO kwenye mchanga kwanza, wa kwake upumzike juu ya wako. Akitaka atateremsha vidole pembeni. Asipotaka, kesho ipo. Halafu subirini. Mwalimu anauliza swali, sekunde mbili tu kajibu mwenyewe. Kuna watoto wanahitaji uhesabu kimya kimya hadi kumi na ushee ndipo jibu lianze kutoka.

---

BiMakonyo

Assalaam alaykum. Mimi niko Pemba, nafundisha skuli yenye wanafunzi wasioona waliochanganyika na wenzao. Mada yetu inajileta yenyewe, msimu wa karafuu ukifika kisiwa kizima kinanuka.

Kitabu chetu kina jani la mkarafuu, tunalibadilisha likikauka, maana likikauka linavunjika. Kina karafuu mbichi kwenye kifuko kimoja na kavu kwenye kifuko cha pili. Kina makonyo, vile vijiti vya karafuu. Kina kipande cha jamvi la kuanikia. Mwanafunzi anapita kwa mkono, ananusa, anasema, "Hii haijakauka bado, mwalimu." Wenzake wanaoona wakashindana naye wakiwa wamefungwa kitambaa machoni, wakashindwa wote. Alitembea skuli nzima akitangaza.

Maandishi ya Braille tunapiga kwa mashine ya Perkins, ile ya chuma yenye vitufe sita vya nukta, mwenye kuibeba anaijua uzito wake. Napiga kwenye karatasi nene peke yake, kisha naibandika chini ya ukurasa kwa gundi kidogo pembeni tu. Ukiigandamiza, nukta zinalala na hapo hakuna kusomeka tena.

Na walimu wenzangu, tuacheni vile vinyama vya plastiki. Mtoto asiyeona ukimpa ng'ombe wa plastiki mwenye ukubwa wa kidole, umempa plastiki. Sisi tulikwenda tukaomba kipande cha ngozi chenye manyoya yake, na pembe. Kisha tukampeleka kwa ng'ombe mwenyewe akamgusa ubavu, akasikia anavyopumua. Aliuliza kwa nini ana joto.

---

MwlKitengo

@BiMakonyo wa alaykum salaam. Na wenye ualbino je? Ninao wawili, uoni ni hafifu.

---

BiMakonyo

Herufi kubwa nene, nyeusi juu ya manjano isiyong'ara. Ukurasa mmoja usijae vitu. Na usizitie zile nailoni za kupitisha kwenye mashine ya moto, zinang'aa, mwanga unawapiga machoni hawaoni chochote. Tena kwa vitabu vya kugusa nailoni ni hasara mara mbili, unachogusa ni nailoni tu, kila ukurasa sawa. Wakae mbali na dirisha, wameligeuzia mgongo.

---

Mswahili_Leeds

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nafanya kazi kama msaidizi darasani katika shule ya wenye mahitaji maalumu. Huku kuna vyumba vya giza vyenye taa za rangi na mirija ya maji yenye mapovu. Wazo lenyewe lilianzia Uholanzi miaka ya 1970, wanaliita Snoezelen. Ni vizuri, sikatai, lakini bei yake acha tu. Na sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa shuka jeusi juu ya meza, mtoto chini yake, na tochi unayoimulika polepole kwenye ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Nimeona mtoto asiyefuatisha kitu chochote kwa macho akiifuata ile karatasi.

Taa za kuwakawaka zisitumike ovyo, wengine wana kifafa na zinaweza kukiamsha. Ulizeni wazazi kwanza.

Halafu kuhusu theluji: huku watoto wanaletewa theluji halisi kwenye beseni, imechotwa uwanjani. Kwa hiyo mwalimu uko sawa kabisa, mwenye theluji ametumia theluji. Wewe tumia dagaa.

---

KataMti

Nimesoma mpaka hapa. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka kumi na moja, Down syndrome, hajawahi kupelekwa shule, mama anaogopa watamcheka. Anapenda sana kuosha vyombo. Kuna kitabu cha hivyo?

---

TibaKazi_Moshi

Hapo huhitaji kitabu kwanza. Dodoki, povu, sufuria, kikombe cha bati, maji ya uvuguvugu na ya baridi kwenye mabeseni mawili. Taja kila kitu anapokishika, maneno yaleyale kila siku. Kitabu mtashona baadaye kwa vitu hivyo hivyo. Na mtoto wa Down syndrome akapimwe moyo, macho na masikio kama hajapimwa, wengi wana shida huko na nyumbani watu wanadhani ni ukaidi.

---

MwlKitengo

@KataMti uko mkoa gani? Njoo PM nikuelekeze kitengo cha karibu. Mwambie mama aje naye siku moja tu akae nyuma ya darasa aangalie, hakuna wa kumcheka, wenyewe ndio hao hao.

@FundiMgosi nahitaji kitabu cha DALADALA. Kurasa nane, sentimita 30 kwa 30, kitambaa kizito, kandambili kwenye kona zote. Kiti cha rexin nitakitafuta mimi. Bei gani, na unatuma kwa basi?

---

FundiMgosi

Natuma. Ila ukurasa wa konda akigonga bati utaufanyaje? Nina kipande cha debe hapa, nikikikunja kingo zote kisimkate mtoto kinatoa mlio kabisa. Niseme nikiweke?

---

MwlKitengo

Kiweke. Na chini yake uandike "Shusha!"