Barabara ya duara Vienna ilitoka wapi?

Fundi_Bomba: Wakuu, nina miezi mitatu Vienna. Kila asubuhi napanda tramu namba 2 kwenda kazini. Ndani ya mji wa kale ni vichochoro, nje majumba makubwa, na baina yao barabara pana yenye miti. Nani aliupanga hivi?

Mama_Zuhura: Vita, mdogo wangu. Waosmani, yaani Waturuki wa enzi hizo, waliuzingira mji mwaka 1529. Baadaye zikajengwa ngome nene zenye pembe za kuwekea mizinga, na nje yake ukaachwa uwanda mtupu, marufuku kujenga, adui asipate pa kujificha. Wakarudi 1683, wakashindwa tena. Uwanda huo ndio njia ya tramu yako! Kaisari Franz Joseph wa Austria aliamuru ngome zibomolewe mwaka 1857, barabara ikafunguliwa 1865. Shuka kituo cha treni ya chini cha Stubentor, kipande cha ukuta bado kipo. Mimi kila nikipita pale nasimama.

Mzee_wa_Ramani: Na mto je? Warumi waliweka kambi yao, Vindobona, mahali palipoinuka kando ya mkono wa mto Danube. Panda ngazi za kanisa la Maria am Gestade, magoti yatakuonyesha ukingo ulipokuwa.

Fundi_Bomba: Shikamoo Mama, shikamoo Mzee. Nimetoka Stubentor sasa hivi. Watu wanapita mbio na mizigo yao, ukuta uko palepale. Kesho naenda kwenye ngazi.