Nyumba Kumi, Ploti za Chini (kundi la WhatsApp la majirani)

*Jumatano*

[19:04] Katibu Akinyi: Hamjambo majirani. Kama mnavyojua (ama hamjui kwa sababu hamsomi hapa), kuna mswada wa kuutenga ukanda wa mto uwe ardhi ya hifadhi, pande zote mbili. Hakuna kujenga, hakuna kulima, hakuna gereji. Maoni ya umma yanafungwa Jumatatu saa kumi na moja jioni na sisi hatujaandika hata sentensi. Kikao ni Jumamosi saa tatu asubuhi kanisani. Jibu NITAKUJA.

[19:31] Katibu Akinyi: Naona 38 mmesoma. Tiki za bluu si jibu.

[19:52] Baba Tasha Kinyozi: Nitakuja kama kuna chai

[19:52] Baba Tasha Kinyozi: Na mandazi

[19:53] Mama Kevo: Mandazi ninauza mimi, kumi kumi. Ya bure hakuna.

[19:55] Katibu Akinyi: Jameni. Hii si mambo ya mandazi. Deno, wewe unafanya ile kazi ya kusafisha mto, waelezee watu.

[20:20] Deno: Sawa. Kanuni za maji zilizopo zinasema mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. 2024 baada ya mafuriko serikali ikasema 30 na tingatinga zikaja, mnakumbuka. Sasa huu mswada unataka ile sehemu iwe hifadhi kabisa, miti na njia ya kutembea. Mimi nimesoma kurasa nne tu lakini.

[20:22] Fundi Musyoka: Mita 30 kutoka wapi

[20:22] Deno: Ukingoni

[20:24] Fundi Musyoka: Ukingo upi? Mimi Januari naruka huo mto bila kulowa. Aprili unakuja kunisalimia kitandani.

[20:25] Baba Tasha Kinyozi: Na ukienda unabeba. Sandali zangu za 2024 saa hii ziko Malindi zinaota jua 😂

[20:26] Mama Kevo: Malindi tena?

[20:29] Deno: Hapo hajadanganya. Huu wetu unaingia Mto Nairobi, Nairobi inaingia Athi, Athi huko mbele inaitwa Galana, halafu Sabaki, inamwaga baharini karibu na Malindi.

[20:30] Baba Tasha Kinyozi: Sandali imetembea kuliko mimi. Mimi mwisho wangu ni Mlolongo

[20:31] Keateka Omosh: 😂😂😂

[20:31] Mama Tasha: Hizo sandali nilinunua mimi

[20:33] Katibu Akinyi: TUSITOKE NJE YA MADA. Swali la Fundi ndilo swali. Mswada unasema ukingo, hausemi ukingo wa siku gani. Kanuni za sasa haziangalii maji ya Januari, zinaangalia pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika. Mnaelewa maana yake?

[20:50] Katibu Akinyi: Hakuna anayeelewa. Sawa.

[21:14] Katibu Akinyi: Pendekezo langu. Tuseme wote kitu kimoja. Tuandike kwamba 2024 maji yalifika kwa avokado ya Fundi. Kutoka hapo mita 30 inaishia kwa choo cha Omosh, tunapoteza gereji na zile mboga za chini, wengine wote wako salama.

[21:15] Fundi Musyoka: Gereji ni ya nani

[21:16] Mama Kevo: Na mboga ni za nani? Akinyi unagawa watu kama nyama ya harusi.

[21:17] Katibu Akinyi: Ni mfano tu mama

[21:19] Mama Kevo: Mfano. Usiku ule mkokoteni ulibeba sofa za nani?

[21:19] Katibu Akinyi: Hayo tulimaliza kwa chifu.

[21:20] Mama Kevo: Ulimaliza wewe.

[21:21] Keateka Omosh: Mama Kevo wacha tu

[21:21] Mama Kevo: Omosh ukiwa na haya nyamaza. Wewe ndiye ulikuwa unasukuma.

*Alhamisi*

[06:10] Pasta Wekesa: Amani kwenu. Kanisa liko wazi Jumamosi mpaka saa tano, saa tano kuna mazoezi ya kwaya. Viti virudishwe.

[06:48] Fundi Musyoka: Pasta ule ukuta wa nje ulio na alama ya maji mlipaka rangi?

[07:30] Pasta Wekesa: Ilikuwa ya Pasaka ndugu. Kina mama walichanga. Haikuwa na uhusiano na mswada.

[07:32] Baba Tasha Kinyozi: Pasta amefuta ushahidi 😂

[07:33] Pasta Wekesa: 🙏

[12:41] Deno: Mimi nina picha. Nilipiga asubuhi yake kabla hatujaanza kutoa matope.

[12:41] Katibu Akinyi: Tuma

[13:55] Katibu Akinyi: Deno tuma.

[18:02] Deno: Pole nilikuwa kazi. [Picha]

[18:06] Deno: Angalieni mstari wa kahawia, tofali la saba kutoka chini. Na kuna kiatu cha mtoto kimekwama kwa grili ya dirisha.

[18:09] Mama Kevo: Hicho ni cha Kevo. Nilikitafuta sana.

[18:10] Deno: Leo nikitoka kazi nimehesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa mpaka lami. 22.

[18:11] Baba Tasha Kinyozi: Ngoja

[18:11] Baba Tasha Kinyozi: Kinyozi iko upande huu wa lami

[18:12] Deno: Ndio

[18:14] Baba Tasha Kinyozi: Nimelipa kodi mpaka Desemba

[18:20] Katibu Akinyi: Ndio maana nilisema AVOKADO.

[19:37] Shosho Ploti 14: [Sauti 2:41]

[19:45] Keateka Omosh: Sina bando, nani aandike

[20:03] Shosho Ploti 14: Hii ni Nimo, mjukuu. Shosho anasema niandike vile amesema nisipunguze.

[20:11] Shosho Ploti 14: "Nimesomewa hayo ya avokado. Maji yalifika kanisani. Mimi nilikuwa juu ya meza ya Pasta na mtoto wa Musyoka mikononi, na maji yalikuwa kwa magoti ya meza. Musyoka anajua. Akinyi anajua, ni yeye alinivuta kwa dirisha. Vyumba vyangu sita viko chini ya kanisa, kodi yake ndiyo ninakula na ndiyo inasomesha huyu anayeandika. Vikienda, vitaenda. Lakini kama karatasi itasema avokado, jina langu lisiwekwe. Na mvua ikirudi mtoto wa mtu akilala hapo kwa sababu karatasi ilisema ni pakavu, mtanijibu nini? Nimemaliza."

[20:12] Ujumbe huu umefutwa

[20:58] Fundi Musyoka: Nimesikia shosho. Ni kweli.

[21:06] Mama Kevo: Sikujua ni Akinyi alikuvuta.

[21:30] Katibu Akinyi: Sawa. Avokado imetoka.

[21:34] Katibu Akinyi: Basi tuandike ukweli na tudai haki pamoja. Katiba kifungu cha 40(4) kinaruhusu hata mtu asiye na hati lakini anaishi kwa nia njema alipwe fidia. Si ile elfu kumi tuliyoahidiwa 2024.

[21:35] Mama Kevo: Wewe uliipata?

[21:35] Katibu Akinyi: Sikuipata.

[21:36] Keateka Omosh: Fidia ni ya landilodi ama ya mpangaji

[21:36] Baba Tasha Kinyozi: Swali la mwaka

[21:41] Deno: Kifungu kinasema mwenye kukaa. Mpangaji sijui kama anahesabiwa, tumuulize mtu wa sheria.

[21:44] Fundi Musyoka: Na hiyo tepu ya kupimia ipite pia kule juu ya mto kwa wenye kuta za mawe. Wakijaza mawe kwao maji yanakuja kwangu. 2018 mbona hata lile jumba la South End pale Lang'ata liliangushwa? Inawezekana wakitaka.

[21:45] Katibu Akinyi: Hiyo naiweka ya kwanza.

[21:46] Mama Kevo: Weka mboga. Miti sawa, lakini sukuma wiki haijengi ukuta. Waruhusu tulime vitu vifupi.

[21:49] Deno: Mama Kevo yale maji lakini

[21:50] Mama Kevo: Wewe umekula sukuma zangu miaka mingapi?

[21:50] Deno: 😶

[22:15] Katibu Akinyi: Kesho nitapiga simu kwa kila nyumba. Wanaokuja mpaka sasa: mimi, Fundi, Pasta (ana funguo). Baba Tasha?

*Jumamosi*

[08:51] Katibu Akinyi: Niko kanisani. Niko peke yangu.

[09:08] Baba Tasha Kinyozi: Nina kichwa cha mtu hapa nusu. Nikimaliza nakuja

[09:15] Shosho Ploti 14: Nimo hapa. Shosho ametoka na fimbo na karatasi za risiti za kodi. Msianze kabla hajafika.

[09:22] Katibu Akinyi: Fundi, tepu?

[09:24] Fundi Musyoka: Nakuja nayo. Ni ya mita 5, tutaipiga mara sita.

[09:40] Fundi Musyoka: Nimefika ukutani. Hii rangi imefunika kila kitu. Pasta, tofali la saba ni kuhesabu na hili la chini lililozama ama bila hilo?

[09:58] Mama Kevo: Kikao ni leo??