Waliolea bibi wa Kiukreni huko Kanada, tupeane uzoefu

Binti wa Pangani: Wakuu, juzi nimeona mkate mweusi dukani, machozi yakanitoka palepale. Nilimlea bibi wa Kiukreni hapa Edmonton, sote tukimwita Baba, yaani bibi kwa Kiukreni, kama wajukuu zake walivyomwita. Alifariki akiwa na miaka tisini na ushee. Alikulia shambani, huko Poltava, Ukraine. Uzee ulipomzidi, Kiingereza chote kikampotea, kikabaki Kiukreni. Na mkate ukawa hauishi kupotea mezani: chini ya mto, ndani ya soksi, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Ni ile njaa ya utotoni. Wenye wazee kama hawa, njooni.

Mzee wa Winnipeg: Kweli kabisa dada. Wangu alikuwa anaficha kwenye mfuko wa aproni.

Mtu wa Tabora: Waukreni wa Kanada hawakukimbia njaa jamani. Walianza kuja 1891, wakawa wanapewa ekari 160 kwa ada ya dola 10. Bibi niliyemhudumia Saskatchewan, nyumba ya kwanza ya wazazi wake ilikuwa shimo lililoezekwa kwa udongo na nyasi. Walihangaika na visiki, si na njaa.

Binti wa Pangani: Kaka, hao ni wa mwanzo. Wangu alifika 1948, baada ya vita. Binti yake ndiye aliyenisimulia. Mwaka 1932 Baba alikuwa na miaka minane. Watu wa serikali ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, waliingia nyumba kwa nyumba na vyuma vyenye ncha, wakichomachoma sakafu na jiko la udongo kutafuta nafaka iliyofichwa. Ilishatoka sheria Agosti: ukiokota masuke shamba la pamoja, ni risasi au kifungo cha miaka 10. Wadogo zake wawili walikufa kabla theluji haijayeyuka. Kisha 1942 Wajerumani wakampakia kwenye treni, akafanyishwa kazi Ujerumani, kifuani kashonewa kitambaa cha OST, yaani "Mashariki" kwa Kijerumani.

Sasa usiku mmoja, niko zamu, mhudumu mgeni akagonga mlango kwa nguvu. Baba, ambaye kugeuka tu kitandani tulikuwa tunamsaidia, akainuka, akaulalia mto wake kifudifudi, anapiga mayowe. Nikamshika mkono, akaning'ata. Aliniona mmoja wao! Nikazima taa kubwa, nikakaa sakafuni. Kipande kimoja cha mkate kilikuwa kimeanguka. Nikakiokota, nikakirudisha chini ya mto huku ananitazama. Ndipo akalegea. Asubuhi uongozi wa nyumba ya wazee ukaagiza mkate wote utupwe.

Mama Zawadi: Nalia hapa kazini.

Mtu wa Tabora: Pole sana dada. Lakini mkate wenye ukungu ungemdhuru. Uongozi haukukosea.

Mzee wa Winnipeg: Acha hizo! Kumwondolea mtu yule mkate ni kumrudisha kulekule. Akilala, toa uliooza, weka mpya. Ndivyo tulivyofanya.

Mama Zawadi: Hapana mzee wangu, hao wanahesabu! Mpe mpya mkononi, yeye mwenyewe atakupa wa zamani.

Mkaazi wa Saskatoon: Wangu dawa yake ilikuwa udongo. Tulimwekea ndoo ya vitunguu saumu barazani, kila asubuhi anapalilia kwa kijiko cha chai. Siku hiyo hapigani na mtu. Na Krismasi yao, 7 Januari, msiisahau.

Mtu wa Tabora: Sasa ni 25 Desemba.

Mkaazi wa Saskatoon: Makanisa mengi ya Ukraine yalibadili 2023. Bibi wa miaka 90 utambadilishia wewe?

Mgeni Calgary: Shikamooni wakubwa. Naanza kazi Jumatatu kwa bibi wa aina hiyo. Kile chakula chao cha ngano cha mkesha kinapikwaje?

Mzee wa Winnipeg: Marahaba mwanangu. Chakula hicho kinaitwa "kutia". Loweka ngano nzima usiku kucha, chemsha taratibu mpaka ipasuke. Asali weka ikishapoa kidogo. Halafu mwombe bibi aonje kabla hujapakua, hata kama hasemi neno.

Mama Zawadi: Na ukigonga mlango, gonga polepole.