Msaada: lehemu haishiki kwenye pete ya fedha

Binti_Kansanga: Ndugu zangu, najifunza kulehemu vito nyumbani kwa tochi ndogo inayojazwa gesi ya viberiti. Pete ya fedha imepasuka kwa chini. Kila nikiipiga moto, lehemu inajikunja kitone, inadondoka. Moto hautoshi? Ninunue mtungi mkubwa? Nahitaji jibu leo.

Fundi_Bombo: Moto unatosha kabisa, dada. Unaunguza lehemu badala ya pete. Safisha ufa, ubane mpaka mwanga usipite, paka boraksi, ule unga unaosaidia lehemu kutiririka, kisha zungusha moto pete nzima. Lehemu hukimbilia palipo na moto zaidi. Unatumia lehemu gani?

MamaTausi: Kwetu Arua jirani alichezea gesi chumbani, pazia likashika, tukatoka na watoto mgongoni. Mwanangu, fungua madirisha.

Binti_Kansanga: Nafungua, mama. Lehemu ni ya kawaida tu.

Fundi_Bombo: Ya kawaida ndiyo ipi?

Binti_Kansanga: Ya waya, nimepewa na fundi simu. Nyingine ghali, na nimeshaahidi.

Fundi_Bombo: Acha hapo hapo! Hiyo ni bati na risasi, huyeyuka chini ya nyuzi 200. Ikibaki ukapiga moto mkali, risasi itaila fedha mpaka itoboke. Iondoe yote kwa tupa. Tafuta lehemu ya fedha. Nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 650 na 750, na fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha halisi katika 1000, yenyewe huanza kuyeyuka karibu na 800. Nafasi ni finyu.

Mwana_Katwe: Umemwahidi nani?

Binti_Kansanga: Mteja. Ndoa ni Jumamosi. Alilipa nusu, nikalipia kodi ya nyumba. Pete ina lulu, lakini ndogo, na naifunga kitambaa kibichi.

Mwana_Katwe: Mali ya mtu si ya kujifunzia. Mrudishie, umpeleke kwa sonara.

Kijana_Ntinda: Mimi siamini. Kwanza pete tu, mara mteja, mara ndoa, sasa lulu! Picha iko wapi? Huyu atamalizia kwa kuomba mchango.

MamaTausi: Hata kama ametunga, wapo wanaosoma ambao wana pete za kweli. Mwacheni fundi aseme.

Fundi_Bombo: Lulu haivumilii moto, na kitambaa hakitaiokoa. Nyingi hubandikwa kwa gundi kwenye kijiti, itolewe kwanza.

Binti_Kansanga: Sijaomba hela ya mtu. Picha hiyo nimeweka. Nikiitoa lulu, nitairudishaje kabla ya Jumamosi?

Fundi_Bombo: Nimeikuza picha. Upande wa chini lulu imeshageuka kahawia. Mteja ameiona?