Shangazi anakuja wodini na kikohozi, namzuiaje bila ukoo mzima kuninunia?

Wakuu habari za usiku, naombeni ushauri kichwa kinaniuma. Mwanangu wa miaka 6 yuko wodini wiki ya 3 sasa, kansa ya damu, kaanza kemo (dawa kali za kansa) na juzi daktari kasema seli nyeupe zimeshuka sana, kinga hana kabisa, yani mafua ambayo mimi natembea nayo kazini kwake ni balaa. Sasa saa kumi ya kuona wagonjwa ikifika ni vurugu, mara watu wa jumuiya wanakuja kuomba, mara majirani na watoto wao. Jana shangazi kaja na hotpoti ya uji, kakohoa toka getini, kaketi kitandani, akaupuliza uji kwenye kijiko akauonja kwanza ndo akampa mtoto. Nikamwambia taratibu shangazi ngoja nimlishe mimi, kanuna, usiku kwenye grupu la ukoo naambiwa nina majivuno na namficha mtoto. Nimelia jamani.

Mpemba_wa_Buguruni: Pole sana dada. Ila wabongo bana, usipoenda kumwona mgonjwa unasemwa, ukienda unamwachia mafua 😅

Sista_Mstaafu: Pole mama. Hiyo vita usipigane wewe, mwambie sista wa zamu ndo awe mbaya, sisi tumezoea kuchukiwa. Aingie mtu mmoja mmoja, anawe kwa maji na sabuni kwanza, sanitaiza ni nzuri ila vijidudu vingine vya kuharisha haviui. Asikae kitandani, simu ibaki mfukoni. Mwenye mafua, kikohozi, kuharisha au kidonda cha homa mdomoni aishie nje hata kama ni babu. Watoto ndo kabisa, tetekuwanga inaambukiza siku moja mbili kabla vipele havijatoka, utamwona mtoto wa jirani mzima kumbe. Na ikitokea mwanao kakaa karibu na mwenye tetekuwanga au surua mwambie daktari siku hiyohiyo, usisubiri vipele.

Ngosha_01: Mnazidisha, mbona sisi bibi zetu walitutafunia nyama wakatulisha na tuko fiti

Sista_Mstaafu: Ngosha mwanangu wewe ulikuwa na askari mwilini, huyu askari wake wamelala. Kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi ya kemo ndo mbaya zaidi. Mama, mkiruhusiwa nyumbani nunua kipimajoto, ikifika 38 ni hospitali hata saa nane usiku, na usianze na Panadol, inashusha joto halafu unadhani kapona.

Mama_Kulwa: Mimi nilimpa mjomba kazi ya kutuma taarifa kwenye grupu, "daktari kakataza wageni, salamu kwa vidio koli jioni". Ikitoka kwa mwanaume mkubwa wa ukoo hawabishi, inaudhi ila ndo tulivyo.

Mleta uzi: Asanteni sana, baba mkubwa katuma na leo kaja mtu mmoja tu. Shangazi bado kanuna ila kamtuma binamu alete mayai ya kienyeji. Sista, mayai anaruhusiwa?

Sista_Mstaafu: Yachemshwe mpaka kiini kiwe kigumu kabisa, ya majimaji hapana. Na mpigie shangazi umshukuru.