Zege limekaukia kwenye boneti na kioo cha gari, nalitoaje bila kuharibu rangi?

DadaWaKimara

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba msaada wenu.

Jirani yangu anajenga ghorofa. Wiki iliyopita walileta pampu kumwaga zege la jamvi la juu, likaruka juu ya ukuta na kulinyeshea gari langu upande mzima wa kulia: boneti, fenda, mlango wa dereva, kioo cha mbele na rimu mbili. Mimi nilikuwa safarini Dodoma, nimerudi nimekuta limeshaganda.

Gari ni Premio nyeusi, rangi ya kiwandani, haijawahi kuguswa na fundi. Matone mengi ni madogo, lakini kwenye boneti kuna mabonge mawili ya ukubwa wa kiganja. Nimeosha kwa maji na sabuni, hayakutikisika. Vijana wa pale ninapooshea wamesema watakwangua kwa kisu cha kupigia puti halafu wapake polishi, nimewakatalia kwanza. Msimamizi wa saiti amekubali kwa mdomo kwamba atagharamia, ila anataka kumleta fundi wake mwenye asidi ya kusafishia vigae.

Hili gari nimelinunua kwa kujinyima sana na rangi yake ndiyo ninayoipenda. Nimkubalie huyo fundi au kuna njia nyingine?

Mzee_wa_Canter

Pole sana dada. Paka dizeli, acha usiku mzima, asubuhi unafuta. Saiti zote wanatumia dizeli.

SaruhaniMhandisi

Pole dada. Mkuu hapo juu, ngoja niweke sawa hilo la dizeli, maana wengi wanaliamini. Saiti tunapaka dizeli au oili chafu kwenye mbao za fomu na kwenye ngoma ya mashine KABLA ya zege, ili lisishike. Likishashika, dizeli haina kazi.

Zege haligandi kwa kupoteza maji tu kama tope. Saruji inaungana na maji, inakuwa kitu kipya, na inaendelea kuongeza nguvu kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu wahandisi huvunja vipande vya majaribio siku ya 28 ili kujua zege limefikia nguvu iliyotakiwa. Kwa hiyo dada, anza mapema; lililokaa wiki moja ni rahisi kuliko la mwezi. Hata sukari, ambayo madereva wengi wa malori ya zege wanajua kuwa inachelewesha zege kuganda ngoma ikikwama njiani, inasaidia likiwa bado bichi.

Sasa hiyo asidi ya vigae. Ni haidrokloriki. Asidi hiyo inaiyeyusha saruji kweli, tena haraka, na mafundi vigae wanaipenda kwa hilo. Lakini kwenye gari inaingia kwenye maungio ya boneti na milango, mahali ambapo huwezi kuisuuza, na kutu inaanzia ndani huku nje panang'aa. Rimu za aluminiamu inazila. Aliyewahi kufanya kazi stoo ya saiti anajua kwamba mvuke wake peke yake unatosha kutia kutu vifaa vya chuma vilivyowekwa karibu. Na asije mtu akakushauri asidi ya betri. Ile ikikutana na saruji inatengeneza jasi, ambayo haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo utabaki na ganda jipya juu ya rangi iliyoungua.

Mkatalie huyo fundi kwa upole, lakini mkatalie.

FundiRangi_Ilala

Dada, mimi kazi yangu ni rangi za magari, na kila panapojengwa barabara au ghorofa kesi hizi zinaletwa gereji. Umefanya vizuri kukikataa kile kisu. Ndani ya zege kuna mchanga. Ukilikwangua kavu, bonge linakatika ila mchanga unaburuzwa juu ya klia, lile tabaka la juu linaloleta mng'ao. Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa mtu. Mkwaruzo ukishafika kwenye rangi yenyewe, hakuna polishi ya kuurudisha.

Nunua siki nyeupe ya kawaida, ya asilimia 5, angalia kwenye lebo. Gari liwe kivulini na bodi imepoa kabisa. Siki ikikaukia juu ya bati la moto inaacha madoa mengine. Osha kwanza upande wote kwa maji mengi na shampuu ya gari ili vumbi na mchanga ulio wazi viondoke. Halafu jaribu siki sehemu isiyoonekana, mfano ukingo wa chini wa mlango.

Kuna kitu kidogo cha kuhakikisha kabla hujaendelea. Dondoshea siki kwenye doa moja. Likitoa vipovu vidogo, ni saruji au chokaa, endelea. Lisipotoa chochote, huenda ni jasi ya dari au rangi ya ukuta, na hapo siki itakupotezea muda. Jasi inalainika kwa kulowekwa maji ya vuguvugu.

Kwa matone madogo pulizia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri, pulizia tena, yasikauke. Kwa yale mabonge ya boneti chukua kitambaa cha pamba, kiloweke siki tupu, kilaze juu ya bonge, kifunike na nailoni ya kufunikia chakula. Dakika 20 hadi 30. Ukifunua, sukuma ukingo wa bonge kwa kadi ya plastiki, ile ya zamani ya benki inatosha. Safu iliyolainika itamung'unyika. Hapo SUUZA, usifute. Watu wengi wanaharibu hapa: bonge limelegea, anachukua kitambaa anasugua kwa furaha, mchanga wote uko chini ya mkono wake. Mwaga maji mpaka chembe ziondoke, kisha weka kitambaa kingine. Bonge la kiganja linaweza kukumalizia mchana mzima, na lingine likabaki la kesho. Halina haraka hiyo.

Vaa glavu na miwani. Na mashine ya presha usiisogeze karibu na bonge lililolegea nusu, linaweza kuondoka na rangi.

HakiYakoMtaani

Kabla hujagusa chochote, piga picha. Gari zima, kila doa kwa karibu, na picha moja inayoonyesha ukuta na jengo pamoja na gari. Ahadi ya mdomo ya msimamizi iandikwe: nini kimeharibika, nani atalipa, mpaka lini, na kwamba fundi unamchagua wewe. Msainishane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengi wanakubali wakiona jambo limeandikwa mapema, na wanabadilika baada ya jengo kuhamia hatua nyingine na msimamizi kuondoka.

Kama una bima kubwa, wapigie kabla ya kuanza kazi. Ya mtu wa tatu haikusaidii kwa uharibifu wa gari lako mwenyewe.

DadaWaKimara

Asanteni sana, Mungu awabariki. Picha nimepiga. Fundi, na kioo je? Na rimu? Kioo ndicho kinanipa shida kuendesha.

FundiRangi_Ilala

Usiwashe waipa hata mara moja. Zile raba zitabeba mchanga na kuchora nusu duara kioo kizima. Kama huwezi kungoja, nyanyua mikono ya waipa.

Kioo kinafanyiwa vilevile: siki, subira, kadi, maji. Utando mwembamba ukibaki mwisho, wembe mpya unaruhusiwa kwenye kioo tu, ukilazwa karibu ubapa, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni, na ukishahakikisha kwa kidole kwamba hakuna chembe. Usitumie wembe kwenye taa za mbele, zile ni plastiki.

Rimu nyingi za kiwandani zina klia juu, siki ya kuchanganya na maji inavumilika kwa dakika chache kisha suuza. Palipobanduka na aluminiamu iko wazi, usiloweke. Tumia maji ya vuguvugu na kadi, kidogo kidogo.

Wanjiru_254

Poleni kwa kuingilia. Huku Nairobi yangu ilirukiwa na lami, barabara inarekebishwa karibu na kwetu. Siki inafanya?

FundiRangi_Ilala

Hapana dada. Lami ni mafuta, inataka mafuta. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, weka juu ya doa, lilainike, futa taratibu, kisha osha kwa shampuu mara moja. Thina usiweke, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi upya.

DadaWaKimara

Nimerudi na taarifa wakubwa. Matone madogo yametoka yote. Bonge moja limekwisha, la pili limebaki ganda jembamba. Kioo kizima, hakina mchoro. Ila pale bonge lilipotoka kuna kivuli cha kijivu, ukiangalia kwa pembeni hapang'ai. Nimeogopa sana. Ni siki imeunguza?

SaruhaniMhandisi

Kwa ulivyoeleza, naona ni zege lenyewe. Saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, ni magadi makali yaliyokaa juu ya klia tangu siku ile. Mikono ya vibarua wetu inachubuka kwa sababu hiyohiyo. Na ganda lililobaki ukiliacha, kila likilowa mvua au umande linaendelea kutoa hayo magadi, kwa hiyo malizia.

FundiRangi_Ilala

Nakubaliana na mhandisi. Maliza ganda kwanza, osha, kausha. Pitisha ukucha taratibu kwenye kile kivuli. Usipokwama, athari iko juu juu na inatoka. Tafuta ule udongo laini wa kunasia uchafu wa rangi, maduka ya vifaa vya magari Kariakoo wanao, upitishe na maji ya shampuu ili chembe zisizoonekana zitoke. Baada yake ndiyo kompaundi laini, ile krimu ya kusugulia rangi ing'ae, kwa mkono au mashine ya mwendo mdogo, kisha waksi.

Ukucha ukikwama, usifanye mwenyewe. Msasa namba 2000 wa maji unaweza kusawazisha, lakini ashike mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi, apime boneti mbele yako kabla na baada. Asiye nacho anabahatisha.

Na kwa msimamizi wa saiti, dai gharama ya kupolishi boneti na fenda. Akikwambia atapiga rangi boneti nzima kwa rafiki yake, usikubali mpaka iwe hakuna njia nyingine. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuru lenye joto zaidi ya nyuzi 120. Gereji zetu haziwezi kufika huko gari likiwa limeshaunganishwa, plastiki na nyaya zingeharibika. Nyeusi ndiyo ngumu zaidi, kila dosari inaonekana juani.

DadaWaKimara

Ukucha haujakwama! Tumeandikishana leo kwa mwenyekiti, amekubali polishi ya upande wote na fundi nimchague mimi. Swali la mwisho fundi: ile plastiki nyeusi chini ya kioo imebaki na weupe.

FundiRangi_Ilala

Huo ni utando wa saruji ulioingia kwenye vinyweleo vya plastiki. Mswaki laini, siki ya nusu kwa nusu, piga duara ndogondogo, suuza, rudia ikikauka ukiona bado. Kompaundi isifike hapo kabisa, ikikaukia kwenye plastiki inaacha weupe mgumu kuliko huo. Mwambie fundi atakayepolishi aizibe kwa utepe wa karatasi kabla ya kuwasha mashine.